Farasi Kumi na Mmoja Niliowafungulia

Mliokuwa nami tangu wiki ya kwanza mnajua nilipoishia. Anayeanza leo nitamkusanyia machache, maana mengi yanauma kuyarudia.

Mimi ni fundi pikipiki. Ni mwanamke, ndiyo, na kucha zangu hazijawahi kutakata tangu nina miaka kumi na minne, mjomba aliponichukua baada ya mama kufariki akanikabidhi spana kabla hajanikabidhi godoro. Dada yangu naye aliondoka mapema, akaniachia binti. Binti huyo ananiita mama mdogo. Mimi namwita mwanangu, na anayetaka kubisha anitajie ni nani mwingine aliyemng'oa jino la kwanza.

Mwanangu alipata kazi ya kupeleka sampuli za damu kutoka zahanati hadi maabara kuu. Akapata na leseni yake ya kwanza. Akanunua pikipiki ndogo ya mbio, zile za kulalia tangi, ambazo hata zikiwa zimesimama unadhani ziko mwendoni.

Sheria inasema mwenye leseni mpya, kwa miaka miwili, asiendeshe chombo kinachozidi nguvu za farasi kumi na watano. Ile yake, pamoja na udogo wake, ina farasi ishirini na sita. Dawa yake ni kipete cha chuma chenye tundu dogo. Kinakaa katikati ya kabureta na injini, kinaibana pumzi. Mjomba alikifunga mwenyewe, akaweka alama ya rangi nyekundu juu ya skrubu, akagonga muhuri wa gereji yake kwenye cheti cha kuthibitisha.

Wiki iliyopita nilikiri kwamba mimi ndiye niliyekitoa.

Siku tisa baada ya kukitoa, mwanangu alimgonga fundi cherehani, mzee wa miaka sitini na tisa, aliyekuwa anavuka barabara na mfuko wa vifungo. Mwanangu alivunjika paja. Mzee alizirai pale pale, akalazwa hospitali hiyo hiyo bila kuzinduka.

Mlidhani hilo ndilo baya lenyewe. Niliyoyafanya baada ya hapo ndiyo yanayoninyima uso wa kutazama watu.

Wapo wasomaji walioniandikia kunitetea. Wanasema nilimwonea huruma mtoto, kwa sababu kile kilima cha kwenda maabara kilikuwa kinamtesa, pikipiki inakohoa, malori yanampigia honi mgongoni hadi anaingia mtaroni. Ni kweli kilima kilimtesa. Ni kweli alilia akinisimulia.

Lakini mnanipendelea. Mimi nilikuwa na tamaa yangu. Miaka ishirini natengeneza pikipiki za watu za kubebea magunia na abiria, halafu linaingia gereji dude kama lile, limefungwa mdomo. Nilitaka kulisikia likiimba. Nilipotoa kipete na kulipiga kiki, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Hiyo ndiyo sababu. Huruma ilikuja nyuma, kama mgeni anayefika chakula kikiwa tayari.

Sasa turudi hospitali.

Jumatatu nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi, nasubiri saa ya kuona wagonjwa. Akaja mama mmoja mtu mzima, kanga begani, akaketi pembeni yangu. Akaniuliza ninamuuguza nani. Nikamwambia mwanangu, kavunjika mguu. Akasema pole. Nikamuuliza yeye je.

Akasema mume wake. Fundi cherehani. Kagongwa na pikipiki.

Msomaji, pale palikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Ningesema neno moja tu. Badala yake nikasema, "Pole sana mama."

Akanishukuru. Akanisimulia jinsi mumewe anavyobishana na cherehani yake kama vile ni mke wa pili, jinsi alivyotoka dakika tano tu kufuata vifungo vya kijani kwa sababu vya bluu havikumridhisha, wakati mteja mwenyewe wala hajali. Alikuwa anacheka na kufuta macho kwa mkupuo mmoja. Aliponiona siondoki akadhani nina moyo mzuri. Jumanne alinitafuta kwa macho, akaniita mwanangu, akanisogezea nafasi.

Nilikaa. Siku nne nilikaa na yule mama kwenye benchi lile, na kila siku nilijiambia kesho.

Jumanne hiyo hiyo, kabla ya saa sita mchana, mkaguzi wa usalama barabarani alikuja gereji. Ni mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikono inasimama, na anaongea taratibu utadhani anamsomea mtoto. Akaomba kuona cheti cha ile pikipiki.

Mjomba alikitoa kwenye faili bila kutafuta. Alijivuna hata. Akasema kipete alikifunga yeye, muhuri ni wake, na tangu apewe kibali hajawahi kudanganya karatasi.

Mkaguzi akasema hilo ni jambo jema. Akaeleza kwamba pikipiki iko kwenye uwanja wa kituo, na Alhamisi saa tatu itafunguliwa mbele ya aliyesaini. Kipete kikiwepo, ni ajali, na binti atajibu kama mtu yeyote aliyepata ajali. Kisipokuwepo, kuna mtu amempa mwenye leseni mpya chombo ambacho sheria imemkataza, na mtu huyo atasimama mahakamani.

"Atakuwa ni aliyesaini," akasema, "mpaka apatikane mwingine."

Wakati wote huo nilikuwa nimeinama nasafisha mnyororo ambao ulishakuwa safi. Kile kipete kilikuwa kwenye kopo la boliti kuukuu, hatua mbili kutoka kwenye kiatu cha mkaguzi.

Mjomba wangu ana miaka sitini na nane. Ana presha, jicho la kushoto limeanza kufunga ukungu, na hana kitu kingine duniani anachojivunia isipokuwa ule muhuri. Nilitakiwa nimfuate jioni ile nimwambie. Nikapata wazo ambalo niliona ni zuri zaidi.

Nitakirudisha.

Jumatano saa saba mchana, askari wengi wakiwa wameenda kula, nilikwenda kituoni. Askari wa uwanja wa magari yaliyokamatwa namfahamu, pikipiki yake huwa inaletwa kwangu ikikataa kuwaka. Nikamwambia nimekuja kuchukua koti la mvua la binti yangu chini ya kiti. Akanifungulia geti, akarudi kwenye kivuli kumalizia sahani yake.

Niliikuta imeegemezwa ukutani, ubavu mmoja umechunika wote, usukani umepinda. Sikuitazama. Nilipiga magoti nikatoa bisibisi. Kazi ile naijua, dakika nane ukiwa na mikono iliyotulia. Mimi nilidondosha skrubu moja mara mbili mchangani.

Nilipoivuta kabureta nikaingiza kidole, kidole kikagota kwenye chuma.

Kipete kilikuwemo.

Nikatoa kile cha mfukoni nikakitazama. Nikaingiza kidole tena. Vipo viwili, kimoja mkononi, kimoja ndani. Kwa muda nilihisi labda sikuwahi kukitoa, labda yote niliyaota, mzee yuko kwake anabishana na cherehani yake.

Halafu nikaziona zile skrubu. Rangi nyekundu, mbichi, alama fupi iliyopinda kidogo kushoto. Mkono ule naujua kuliko ninavyoujua wangu.

Nilirudishia kila kitu kilivyokuwa, nikatoka. Getini nikamuuliza yule askari kama kuna mtu mwingine amekuja. Akasema mzee wangu alipita jana jioni, kafuata kofia ya binti, lakini aliondoka bila kofia. Akacheka akasema uzee jamani.

Nilitembea hadi gereji. Mjomba alikuwa peke yake, anajaribu kutia uzi wa waya kwenye tundu na kukosea. Nikaweka kipete mezani mbele yake.

Hakushtuka. Alikitazama kama mtu anayetazama bili ya maji.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu siku ya pili. Binti alipita hapo nje akienda kazini, yeye alikuwa anakunywa chai, na injini iliyofungwa kipete haipandi sauti vile.

"Sikio langu halijawahi kunidanganya," akasema. "Mdomo ndio ulionidanganya. Nilisema nitakugombeza Jumatatu. Jumatatu ukaja unaimba. Nikasema basi Jumatano."

Nikamwambia kesho nitasema ukweli. Hapo ndipo alipoinua macho. Akaniambia nikae. Akasema yeye kesho atakuwepo, kipete kitakuwemo, karatasi ni halali, na jambo litaishia hapo. Akasema nina watoto wawili wanaosoma na binti mwenye paja lililovunjika. Yeye amebakiza nini.

"Mama yako aliponikabidhi wewe hakunipa cheti," akasema. "Lakini nilisaini."

Nami nikakirudisha kipete mfukoni, nikanyamaza. Ndugu zangu, naomba mlielewe hili vizuri: nilinyamaza, na moyoni nilipumua.

Alhamisi saa tatu tulikuwa uwanjani. Mkaguzi, fundi wao mmoja kijana mwenye glavu, mjomba katika shati lake la Ijumaa, na mimi nyuma nikijifanya nimemsindikiza mzee. Yule kijana alifungua skrubu, akavuta kabureta, akatoa kipete akamwekea mkaguzi kwenye kiganja.

Mjomba akakohoa kidogo, kama mtu aliyemaliza kazi.

 Mkaguzi alikwenda nacho kwenye mwanga. Akakigeuza. Akakipitisha kidole ndani, akakitazama kidole. Kisha akarudi taratibu, kwa ile sauti yake ya kusomea watoto.

Akasema chombo hiki kimetembea wiki tano. Kila kinachokaa mahali hapa hupata utandu wa kahawia wa petroli, hata kwa wiki moja. Hiki kinang'aa kama kijiko cha bwana harusi.

Nilijua papo hapo. Mfukoni mwangu, tangu jana yake, nilikuwa na kile cha kweli, chenye utandu wake wa wiki nne. Jana nilikuwa na nafasi, na skrubu zilikuwa wazi, na kilichonishinda ni kubadilisha kimoja kwa kingine. Akili ilikuwa imeenda kutafuta aliyenitangulia. Fundi wa miaka ishirini amefunga kipya akiwa na cha zamani mkononi, na fundi wa miaka arobaini amesahau hata kukichovya kwenye mafuta machafu. Hofu haina ufundi.

Mkaguzi akamuuliza mjomba, "Mzee wangu, hiki umekifunga lini?"

"Juzi," mjomba akasema. "Na cha kwanza nilikitoa mimi. Binti alinisumbua na kilima, nikamhurumia."

Alisema uongo ule kwa utulivu, na alitumia huruma yangu, ile ambayo hata mimi sikuwa nayo.

Mkaguzi akanitazama mimi. Sijui aliona nini. Nilitazama viatu vyangu. Mjomba akapelekwa ofisini kuandika maelezo, akipita karibu yangu akanigusa bega kama anafuta vumbi. Muhuri ulichukuliwa siku hiyo hiyo. Waliutia kwenye bahasha.

Nilikimbilia wodini. Nilihitaji mtu wa kunitukana na mwanangu anajua kutukana. Nilimkuta mguu umening'inizwa na uzito, uso umekonda hadi macho yamekuwa makubwa kama alipokuwa mdogo. Nikamweleza kila kitu, na kwamba mjomba, babu yake, amejitwisha kosa lile.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba mkaguzi alifika kitandani kwake tangu jana asubuhi, na yeye alishamwambia kuwa alikitoa mwenyewe, baada ya kutazama video kwenye simu.

Nikamuuliza amepata wapi akili ya kufanya hivyo.

"Mama mdogo, mimi ndiye niliyekuwa juu yake," akasema. "Ile kona nilishaipita mara mia kwa farasi kumi na watano. Siku ile nilikuwa nafurahia. Wewe ulifungua tu. Mkono wa kukamua mafuta ulikuwa wangu."

Nikaanza kulia, akaniambia nisilie maana wagonjwa wengine wananitazama. Tukashikana mikono. Nilipotoka, yule mama wa benchi hakuwepo. Kanga yake ilikuwepo, imekunjwa, kanishikia nafasi.

Nilikaa juu ya kanga ya mtu yule, na hapo ndipo mimi nilipofika mwisho wangu. Babu anadanganya kwa ajili yangu. Mtoto anadanganya kwa ajili yangu. Mwenye kosa ndiye pekee ambaye hajasema uongo wowote mbele ya mkaguzi, kwa sababu hajasema kitu kabisa.

Ijumaa saa nne asubuhi niliingia ofisini kwa mkaguzi. Chumba kidogo, meza moja, viti viwili, feni inayozunguka kwa kulalamika. Nikaweka kipete cha kweli juu ya meza yake.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyekitoa."

Hakushangaa. Akavuta faili, akatoa karatasi mbili zilizoandikwa kwa miandiko miwili ninayoifahamu.

"Dada, wewe ni wa tatu," akasema. "Familia yenu inapenda sana jela. Niambie kitu ambacho hawa wawili hawajaniambia."

Kuna jambo sikuwaambia hata ninyi wiki iliyopita. Baada ya kukitoa kile kipete niliogopa mjomba ataona alama yake imekatika. Kopo lake la rangi alikuwa amelifungia. Kwa hiyo nilikwenda nyumbani nikachukua rangi ya kucha ya mkubwa wa wale wanangu wawili wanaosoma, nyekundu ya kuelekea zambarau, nikapaka juu ya skrubu. Nikamwambia mkaguzi hivyo.

Alifungua droo akatoa mfuko mdogo wa plastiki wenye skrubu ndani. Alikuwa ameikwangua. Chini ya rangi ya mjomba kulikuwa na nyingine.

 Akasema alikuwa anasubiri mtu wa rangi ya kucha. Hakusema kwa ushindi. Alisema kama mtu aliyekuwa anatarajia asije.

Nikahisi mwili umekuwa mwepesi. Nikamuuliza kama sasa mjomba atarudishiwa muhuri wake, kama mwanangu ataachwa. Nilikuwa tayari kwa faini, kwa kufungiwa kazi, kwa lolote. Nikamwambia aandike, nisaini, yaishe.

Hakuchukua kalamu.

"Ulipoingia hapa," akasema, "ulikuwa umepita hospitali kwanza?"

Nikasema hapana, nimetoka nyumbani.

Akavua miwani. Akasema yule mzee amefariki leo alfajiri. Akasema kwa hiyo kosa la kipete sasa ni dogo, kuna kubwa juu yake, na mtu akishaandika jina lake kwenye karatasi hii hawezi kulifuta. Akasema kisheria anatakiwa aniambie nina haki ya kutafuta wakili kabla ya kusema neno jingine. Akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu, akaziacha katikati, si kwangu si kwake.

"Sasa fikiri upya," akasema. "Sijakusikia bado."

Nilinyoosha mkono nikaishika ile kalamu. Naapa niliishika.

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa kabla hajajibu. Askari wa mapokezi alikuwa amemshika mkono mama mtu mzima, kichwa wazi, hana kanga. Akasema ni mjane wa yule mzee, amekuja kutoa maelezo ya familia ili apewe kibali cha kuchukua mwili.

Yule mama akaniona.

Uso wake ulilegea wote, kama mtu aliyepotea sokoni akaona mtu wa kwao. Hakuuliza nafanya nini pale. Alikuja moja kwa moja, akaketi kwenye ukingo wa kiti changu kama tulivyokuwa tukikaa kwenye benchi, akaniegemea. 

Mkaguzi alisimama. Akanitazama.

"Afadhali upo, mwanangu," yule mama akasema. Akaiona kalamu mkononi mwangu na karatasi nyeupe mbele yangu, akadhani vimewekwa kwa ajili yake. "Niandikie wewe. Mkono wangu leo haushiki kitu."

 Sikuweza kusogea, maana uzito wake wote ulikuwa kwangu.

Akafumba macho akaanza. "Andika kwamba nimekaa naye miaka arobaini na mitatu. Andika kwamba yule binti sitaki afungwe, ni mtoto, na nimeambiwa naye ameumia. Halafu andika hili, uliandike vizuri. Wameniambia kuna mtu mzima aliyemfungulia ile pikipiki. Namtaka yeye. Nataka aletwe nimtazame machoni, aniambie alikuwa anafikiria nini."

Feni ilizunguka. Karatasi ilikuwa bado nyeupe.

Akafumbua macho, akanigeukia, uso wake karibu na wangu kuliko ulivyowahi kuwa.

"Umeandika?"